Naomba ushauri: historia ya pumu kwenye ukoo iulizwe vipi?

Wakuu, naombeni ushauri kwa mnaohudumia watoto wenye pumu. Swali la "kwenu kuna mwenye pumu?" halitoshi. Mtu anajibu hapana, kumbe mama ana ukurutu (ugonjwa wa ngozi kuwasha, ambao mara nyingi huendana na pumu) na babu alikuwa "wa kukohoa usiku tu".

Pumu haina jeni moja. Eneo la 17q21 kwenye kromosomu ya 17, lenye jeni za ORMDL3 na GSDMB, lilihusishwa mwaka 2007 na pumu inayoanza utotoni. Ile ya ukubwani halihusiani nayo sana. Hata pacha wa kufanana, mmoja anaweza kuugua mwenzake akabaki mzima, maana moshi wa sigara na virusi vya mafua navyo vimo.

Nafikiria kuanza na wazazi na ndugu wa tumbo moja: dalili zilianza na umri gani, kifua kubana au kutoa mluzi, mafua ya mzio, ukurutu, nani anavuta sigara ndani. Kipimo cha jeni nakiacha, kwa kawaida hakibadilishi dawa.

Je, babu na bibi waingie, au majibu yao yanapotosha? Na upande wa baba asiyefahamika mnajaza "hakuna" au "haijulikani"? Naona "hakuna" ni kosa.