Miwani ya VR barazani: madogo wakodishiwe au wazuiwe?

MleziTabata:
Wakuu, habari za jioni.

Huku kwetu Tabata kuna kijana kanunua miwani ya VR, yaani ile inayofunika macho yote ukaona picha za mchezo kama umo ndani yake. Ni Quest 2 ya kampuni ya Meta. Akawa anacheza na wadogo zake sebuleni. Majirani wakaja kuchungulia, wakaita wenzao, na sasa imekuwa biashara: buku kwa dakika kumi, kiti cha plastiki barazani, foleni ya madogo kuanzia wanapotoka shule mpaka magharibi. Wazazi wamepeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, naye kasema suala liletwe kwenye mkutano wa wananchi. Kwa hiyo hapa hatupigi soga tu. Kifaa mtu alichonunua kwa matumizi ya nyumbani kwake, ana haki ya kukikodisha kwa watoto wa wenzake bila mzazi kuwepo?

Msimamo wangu: asizuiwe, ila asimvishe mtoto aliye chini ya miaka 10, na wa 10 kuendelea mzazi awe ameridhia. Namba hiyo sikuitunga. Meta walikuwa wanasema 13, mwaka 2023 wakashusha hadi 10 kwa akaunti inayosimamiwa na mzazi. Sony kwa miwani yao, PS VR2, wanasema chini ya 12 hapana. Sasa pale barazani nimeona mtoto wa chekechea kavalishwa, mkanda umekazwa mpaka mwisho na bado miwani inamshuka puani, anaishikilia kwa mikono miwili huku anacheka. Raha anaipata, sikatai.

Naomba kuwasilisha.

Kijana_Sinza:
Mkuu, mabanda ya PS yapo kila kona, madogo wanashinda humo na sare za shule, sijasikia mkutano umeitishwa. Vibanda umiza navyo vinaonyesha picha za kuchinjana mchana kweupe. Huyu kosa lake ni kuleta kitu kigeni. Hiyo miwani ilipotoka Oktoba 2020 ilikuwa dola 299, hapo ni kama laki saba kabla hujagusa usafiri na ushuru. Mzazi gani wa uswahilini atamnunulia mwanawe? Dogo anavaa, anashuka chini ya bahari, nyangumi anampita juu ya kichwa, na hajawahi hata kupanda pantoni kwenda Kigamboni. Mwacheni aone.

MamaWawili:
Wewe Sinza huna mtoto bado, nimekujua. Mimi sina shida na nyangumi, shida yangu ni jasho. Ile sponji ya usoni inapokea jasho la wa kwanza mpaka wa mwisho, na joto la Dar unalijua. Mmesahau mwanzoni mwa 2024 macho mekundu yalivyozunguka jiji hili, Wizara ya Afya ikatoa tahadhari, nyumba nzima watu wanatoka tongotongo? Ugonjwa ule ulipita kwa mikono na kwa kushirikiana taulo. Leo unachukua sponji moja unaibandika kwenye nyuso za foleni nzima. Nilikwenda kumuuliza anasafishaje. Akanionyesha kitambaa, kile kile anachofutia kiti.

FundiMiwani:
Dada, hapo umepiga penyewe. Mwaka 2021 huko Marekani sponji za Quest 2, kama milioni 4, zilitangaziwa marekebisho kwa sababu zilikuwa zinawawasha watu ngozi. Kampuni ikagawa kifuniko cha silikoni cha kuvalisha juu yake. Sponji inanyonya, silikoni inafutika. Kila mtoto anapovua, ifutwe kwa maji ya sabuni ikauke. Lenzi asizipake spiriti, anaziua.

Sasa macho yenyewe, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Quest 2 ina nafasi tatu tu za kusogeza lenzi, milimita 58, 63 na 68, kufuata umbali kutoka mboni hadi mboni. Watoto wadogo wengi hawafiki hata 58. Ukimvalisha anatazama pembeni mwa lenzi, picha ina ukungu, kichwa kinaanza kumgonga, na hatakuambia kwa sababu buku imeshalipwa na nyuma yake kuna foleni. Jingine, ndani mle kitu kinapokujia usoni macho yote mawili yanageuka kukifuata, lakini picha yenyewe inabaki kwenye umbali ule ule, haisogei. Jicho linapewa amri mbili zinazogombana, ndiyo uchovu wenyewe. Kusema inapofusha, hapana, uongo huo msiupeleke mkutanoni. Ila mtoto akivua halafu anaona kitu kimoja viwili, au jicho moja linakwenda kando na halirudi, mpelekeni kliniki ya macho, msingoje.

Na mwambieni huyo kijana ahame barazani kwa faida yake mwenyewe. Lenzi zile zikielekea juani zinakusanya mwanga na kuunguza kioo cha ndani. Unabaki na doa lisilotoka, na mtaji ndiyo umekwenda.

MzeeTemeke:
Wazuieni. Watoto warudi kwenye rede na kombolela.

Kijana_Sinza:
Shikamoo mzee. Uwanja wa kuchezea hiyo rede uko wapi? Wa kwetu umejengwa fremu.

Dereva_Mbezi:
Mimi ninayo nyumbani, ya wanangu. Hamjagusa nafasi. Kucheza umesimama huku unasogeasogea kunataka kama mita mbili kwa mbili, tupu. Nyumba zetu hizi, kochi huku, kabati la TV kule, meza ya kioo katikati, unazipata wapi? Mwanangu alirusha ngumi juu akalipata pangaboi, vidole vikavimba, na mpangaji wa chini akapanda kuuliza nani anapigana. Siku hizi wanacheza wamekaa. Kuna na kichefuchefu: macho yanamwambia unakimbia, sikio la ndani linamwambia umekaa, tumbo linavurugika. Mwanangu nikiona kanyamaza na jasho la baridi linamtoka, namvua hapo hapo. Pale kwenye foleni nani anamwangalia usoni? Mwenye miwani anaangalia saa.

Karani_Ilala:
Mmemaliza macho na tumbo, hakuna aliyetaja kamera. Kifaa hicho kina kamera nne za nje zinazosoma chumba ili kijue ulipo. Akaunti ni ya mtu mzima mmoja, watoto wote wanacheza kwa jina lake. Akifungua michezo ya mtandaoni, mtoto wa la tatu yuko chumba kimoja na watu wazima asiowajua, wanamtukana kwa Kiingereza, na sisi wa nje hatusikii vizuri maana spika ziko masikioni mwake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na taarifa za watoto inazihesabu kuwa nyeti. Sisemi kijana ashtakiwe kwenye Tume ya taarifa hizo. Azime intaneti, atumie michezo aliyokwisha kupakua. Hata bando ataokoa.

MleziTabata:
Nimetoka kuongea naye sasa hivi. Silikoni na sabuni, kakubali. Kuhamia ndani, kiti na kuzima intaneti, kakubali, tena hilo la jua lilimshtua kuliko yote. Umri amegoma. Anasema wateja wake ni wa la kwanza mpaka la tatu, akiwakataa biashara imekufa. Mimi hapo silegezi, kwa maelezo ya Fundi hao ndio ambao lenzi haziwatoshi.

MamaWawili:
Basi ife.

Kijana_Sinza:
Ikifa barazani, mama, mwingine atafungua chumbani, pazia limeshushwa, na huyo hamtajua anafuta na nini. Huyu angalau mnamwona. Mkutano ni lini, nije?

MleziTabata:
Jumapili saa nne asubuhi, ofisi ya serikali ya mtaa. Fundi, ukiweza njoo na ile rula ya kupimia mboni.