Mkutano wa mawakala wa safari: waanze kwa kuuliza kila mtu ana pasipoti gani

Kutoka: Leicester

Habari zenu ndugu wote. Wazee, shikamooni.

Jumamosi nilihudhuria kikao cha mawakala wa safari wanaotuuzia tiketi za kwenda nyumbani. Walikuwapo wanaohudumia watu wa Afrika Magharibi, wa kwetu Afrika Mashariki, na wachache wa Zimbabwe. Mazungumzo yalihusu kusafiri kutoka nchi moja ya Afrika kwenda nyingine: kumerahisishwa kiasi gani, na wao wafanye nini ili wateja wafaidi. Nawaletea yaliyosemwa kwa kuwa wengi humu mnapanga safari za Desemba.

Habari njema zilikuwa nyingi. Rwanda inampokea Mwafrika yeyote bila viza. Benin, Gambia na Shelisheli vivyo hivyo, na Ghana ilitangaza kufanya hivyo mwanzoni mwa 2025. Kenya nayo mwaka huohuo iliwaondolea raia wa karibu nchi zote za Afrika sharti la kuomba eTA, yaani kibali cha kuingia kinachoombwa mtandaoni kabla ya safari. Watu walipiga makofi. Mimi nikanyoosha mkono nikauliza: Mwafrika mwenye pasipoti ipi? Milango yote hiyo inafunguliwa kwa pasipoti ya Kiafrika, na nyumba zetu huku zina pasipoti za kila rangi.

Chukueni nyumba yangu. Mimi bado ni raia wa Tanzania. Baba watoto ni Mkenya mwenye uraia pacha. Watoto wana pasipoti za Uingereza. Tunataka kushukia Mombasa kwa bibi yao, tuvuke mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro kwa basi hadi Tanga kwa wazazi wangu, kisha tumalizie Unguja. Mimi naingia Kenya bila viza wala eTA. Baba yao anaingia Tanzania kwa pasipoti ya Kenya bila kulipa viza. Lakini kila mtoto anadaiwa eTA ya dola 30, viza ya Tanzania dola 50, na Zanzibar kuna bima ya lazima kwa wageni, iliyoanza Oktoba 2024, dola 44 kwa mtu mzima. Wakala aliyetuuzia tiketi hakutaja hata moja kati ya hayo. Alitupa bei, akatutakia safari njema.

Tulichoamua sisi ni kuwatafutia watoto pasipoti za Kenya. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 14, inasema aliyezaliwa popote duniani ni raia kwa kuzaliwa iwapo siku alipozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia. Maombi yanapitia ubalozi wa Kenya London, na huanza na vyeti: cha kuzaliwa cha mtoto na vitambulisho vya mzazi. Watanzania wenzangu msichanganye: kwetu mtu mzima haruhusiwi uraia pacha, na mtoto mwenye uraia wa nchi mbili hutakiwa kuchagua mmoja akifika miaka 18.

Nimeombwa kurudi kwenye kikao kijacho na mifano ya familia. Nipeni ya kwenu.


Kutoka: Louisville, Kentucky

Asante dada wa Leicester. Naandika kwa niaba ya Wakongo wa hapa, wengi wetu watu wa Uvira na Fizi.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 na tulifurahi sana. Lakini wengi wetu hatuna pasipoti ya Kongo wala ya Marekani. Tuna hati ya kusafiria ya mkimbizi. Inadumu mwaka mmoja tu na hairefushwi, ikiisha unaomba nyingine upya. Mawakala wanaiona ni kijitabu cha Marekani, wanadhani nasi tunasafiri kama Wamarekani. Sivyo. Tanzania inamweka mwenye hadhi ya ukimbizi kwenye kundi ambalo maombi yake ya viza hupelekwa kwanza kuhakikiwa, na hapo mtu husubiri wiki nyingi. Nimeona watu wa kanisa letu wakinunua tiketi kwanza, kisha wanaomba viza, tarehe ya safari inafika viza haijatoka, na tiketi ile hairudishwi pesa.

Tena wengi tunakwenda kuona wazazi walioko Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyoko Kigoma, Tanzania. Viza peke yake haikufikishi kambini. Kuingia Nyarugusu kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Tanzania, na aliye ndani naye hatoki ovyo bila ruhusa. Mtu amekaa miaka kumi na zaidi hajamwona mama yake. Anafika Kasulu, amebakiza mwendo mfupi tu wa gari, anasimamishwa kwa karatasi ambayo hakuna aliyemwambia aitafute. Hilo linaniuma kuliko bei ya tiketi.

Basi dada, waambie mawakala hivi: wakiona hati ya mkimbizi wasipokee pesa kabla ya viza kutoka. Wamshauri mteja amwone mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kufikiria kuingia nchi aliyoikimbia, maana safari hiyo inaweza kuhatarisha hadhi yake huku.


Kutoka: Reading

Ndugu wa Louisville, pole sana, na asante kwa kutufungua macho.

Langu ni la kaunta ya uwanja wa ndege. Mdogo wangu, raia wa Tanzania, alikuwa anakwenda Nairobi. Binti wa kaunta akafungua pasipoti ukurasa mmoja mmoja akitafuta viza ya Kenya, akafika mwisho, akaanza tena mwanzo, akamwita msimamizi. Yule msimamizi akasoma kwenye kompyuta huku kidole kikifuata mstari, mpaka alipofika mahali palipoandikwa raia wa Afrika Mashariki. Ndipo begi likawekwa lebo. Foleni nyuma ilikuwa imeshaanza kunung'unika na mdogo wangu alikuwa anatetemeka.

Sheria ilikuwa upande wake tangu mwanzo. Lakini sheria ikishalegezwa Nairobi au Kigali, huchukua muda kumfikia mfanyakazi wa kaunta Ulaya, na shirika likimbeba abiria asiyeruhusiwa hutozwa faini, kwa hiyo wana hofu. Wakala angeweza kumpa karatasi moja tu: ukurasa wa idara ya uhamiaji ya Kenya unaosema nani hahitaji eTA, umechapishwa. Ukiwa na pasipoti mbili onyesha zote mbili kaunta, ya Uingereza kwa ajili ya kurudi, ya Afrika kwa ajili ya kuingia.


Kutoka: Muscat

Salaam. Msisahau homa ya manjano. Anayetoka Ulaya moja kwa moja kwenda Dar haulizwi cheti, ila akipitia Kenya akavuka kwa barabara ataulizwa. Hata kukaa uwanja wa ndege wa nchi yenye ugonjwa zaidi ya saa 12 kunahesabiwa. Chanjo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, na cheti sasa ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10.


Kutoka: Toronto

Mimi ni wakala, kazi hii naifanya siku zote, na nakubali kwamba wengi wetu tunauza kiti cha ndege tukaishia hapo.

Niongeze jambo linalowagharimu watu sana: tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali. Mtu ananunua Toronto hadi Nairobi shirika moja, halafu Nairobi hadi Entebbe shirika jingine kwa sababu jumla ni nafuu. Zikiwa tiketi mbili, mara nyingi begi halipitilizi. Inabidi utoke, ulichukue, ukalisajili upya, na kutoka maana yake umeingia Kenya. Mwenye pasipoti ya Kanada asiye na eTA anakwama hapo. Kwa tiketi moja angebaki ndani ya uwanja bila kuhitaji kibali.

Wenye pasipoti za nje wanaozunguka Kenya, Uganda na Rwanda waulizieni viza ya pamoja ya watalii ya Afrika Mashariki. Ipo tangu 2014, ni dola 100, siku 90, unaingia na kutoka kati ya nchi hizo tatu. Unaiombea nchi utakayoanzia. Tanzania haimo.

Nauli za ndani ya Afrika bado zinauma. Azimio la Yamoussoukro la kufungua anga ni la 1999, soko la pamoja la usafiri wa anga likazinduliwa 2018, na bado mtu wa Dar anayekwenda Dakar huunganisha ndege na kulipa pesa nyingi. Mkataba wa Umoja wa Afrika wa watu kutembea huru nao ni wa 2018. Unahitaji kuridhiwa na nchi 15, na kufikia 2024 zilikuwa nne tu. Sisi mawakala tuna sauti kwa mashirika na kwa balozi. Tuitumie.


Kutoka: Leicester

Ahsanteni sana, nimeyanakili yote.

Kikao kijacho nitaomba mambo mawili tu, ili yashike. La kwanza, fomu ya kila wakala ianze na pasipoti ya kila msafiri, mtoto kwa mtoto, na aliyezaliwa wapi, kabla ya kutaja bei. La pili ni la kaka wa Louisville: mwenye hati ya mkimbizi asitozwe mpaka viza iwe mkononi, na wapatikane mawakala wawili au watatu wanaojua njia ya kibali cha Nyarugusu hatua kwa hatua. Kaka wa Toronto, naomba unisaidie kuiandika hiyo fomu. Kaka wa Louisville, kama kuna mtu wenu aliyefanikiwa kuingia kambini, mwombe aeleze alipeleka barua gani na kwa ofisi ipi. Jina lake tutaliondoa.