Mdogo wangu alikatwa mguu, lakini vidole vya mguu huohuo vinamuuma

Kaka_Mkubwa: Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mdogo wangu ni dereva wa bodaboda. Miezi minne iliyopita aligongwa, mguu wa kulia ukakatwa chini ya goti. Kidonda kimefunga. Shida ni usiku: analia kwamba vidole vya mguu ule vimejikunja na kucha zinamchoma unyayo. Vidonge alivyoandikiwa vinamlaza mpaka mchana, sasa anavikataa. Bibi anasema mguu ulizikwa umekunjwa, twende tukaufukue tuunyooshe. Nimekosa jibu. Kuna njia isiyo ya vidonge?

Binti_wa_Kilosa: Pole sana kaka. Kwanza mwaminini. Mimi nilikatwa wa kushoto mwaka 2016, na kilichoniuma kuliko maumivu yenyewe ni kuambiwa najifanya.

Tafuta kioo kirefu. Akae kitandani, kioo kisimame katikati ya miguu, kikitazama mguu mzima. Kigutu kibaki nyuma yake. Aangalie ndani ya kioo tu, ataona miguu miwili. Anyooshe vidole vya mguu mzima polepole, na vile visivyokuwepo ajaribu kuvinyoosha pamoja navyo. Dakika 15 kila siku. Siku ya tatu nilihisi kama ngumi imefunguka, nikalia. Usiku uleule maumivu yakarudi! Nilianza kulala vizuri wiki ya nne, kwa hiyo asikate tamaa mapema.

Fizio_Moro: Dada kaeleza vema. Ubongo bado una ramani ya mguu mzima, na kioo kinaurudishia picha ya mguu unaotii. Njia hii ilianzishwa na mtafiti wa ubongo, Ramachandran, huko San Diego, Marekani, miaka ya 1990. Bibi msimbeze: vidole kujikunja ndivyo wagonjwa wengi wanavyosimulia.

Kioo kikimzidishia maumivu au kizunguzungu, akiweke kando, afumbe macho awaze tu mguu ukitembea, kisha ajaribu tena baada ya siku kadhaa. Mchana apapase kigutu kwa pamba, akizoea kwa kanga, halafu taulo. Bandeji ya mpira ikazwe zaidi nchani, ilegee kadiri inavyopanda, isibane kama pete. Mguu bandia nao huwapunguzia wengi maumivu. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, ndipo hata mafundi wa viungo bandia wanasomeshwa.

Mawili ya lazima. Dawa asiache ghafla, arudi kwa daktari zipangwe upya. Na akiguswa sehemu moja ya kigutu akashtuka kama kapigwa na umeme, au kigutu kikivimba na kupata joto, hilo si la kioo, aonwe haraka.

Mzee_wa_Sukari: Tuliokatwa kwa sababu ya kisukari, kukanda kwa maji ya moto hapana. Ngozi ina ganzi, unaungua bila kujua.

Kaka_Mkubwa: Asanteni mno. Leo siku ya 12. Daktari amempunguzia dozi. Niliondoa kioo cha kabati la mama, na anayekishika ni bibi mwenyewe, anamwambia, "Nyoosha, mjukuu wangu, nyoosha." Usiku wa jana aliamka mara moja tu. Vidole vinne vinanyooka, kidole gumba bado kimegoma.

Binti_wa_Kilosa: Hata changu kilikuwa cha mwisho. Mwambie bibi asichoke mikono.