Waliofungiwa injini nyingine ya gari la spoti nyumbani, tupeane uzoefu

Gia ya Tatu (mwanzisha mada)

Wakuu habari zenu. Nimenunua Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, bodi safi kabisa, ila injini yake ya B6, ile ya lita 1.6, ilishanoki kabla haijafika kwangu. Bei ilishuka kwa sababu hiyo. Badala ya kuiovahauli nimepata injini ya BP ya lita 1.8 iliyotumika. Kuna fundi atakuja na winchi yake tuifanyie kazi hapahapa nyumbani. Kila ninayemuuliza ananijibu "hiyo inaingia tu", halafu haelezi zaidi. Naomba waliokwisha kushusha injini kwenye gari la chini namna hii waseme kilichowakwamisha, na walichokagua kabla injini haijapanda.

Mzee wa Difu

Kuingia inaingia kweli. Mazda wenyewe waliweka 1.8 kwenye bodi hiyohiyo kuanzia 1993, kwa hiyo mauntini na giaboksi havikusumbui. Mimi nilifanyiwa badiliko hilohilo. Kazi iko kwenye vitu vinavyozunguka injini.

Klachi kwanza. Ya 1.6 ina kipenyo cha milimita 200, ya 1.8 ni 215. Chukua flaiwili, pleti na preshapleti za 1.8 kama seti moja, usichanganye. Pili, angalia namna injini inavyopima hewa. 1.6 ina kibao kinachosukumwa na hewa inayoingia, 1.8 haina. Lazima muamue mapema mnabaki na kontroboksi (kompyuta ya injini) ya 1.6 na sensa zake au mnahamisha waya zote za 1.8. Fundi wangu alitaka kuamua injini ikiwa tayari imeshafungwa. Nikakataa, tukakaa chini na plagi za waya mezani tukazilinganisha moja moja.

Jambo jingine ambalo fundi asiyeijua MX-5 hulishangaa: giaboksi haina daraja lake la kukalia. Imeshikwa na ile fremu ndefu ya aluminiamu inayoiunganisha na difu. Mkivuta injini peke yake bila jeki chini ya giaboksi, inalala mbele. Sisi tulitoa injini na giaboksi pamoja, ni rahisi zaidi kuziunganisha zikiwa sakafuni.

Mama Boksa

Kaka, hilo la mezani ndilo ningelisisitiza mimi pia. Gari langu lina injini ya boksa, silinda zimelala. Plagi zake zikiwa ndani ya gari unazifungua kwa kupapasa, kati ya hedi na bodi, mkono unatoka na michubuko. Injini ikiwa kwenye stendi unazifungua umesimama wima. Kwa hiyo niligoma ile ya mtumba isipande mpaka ibadilishwe belti ya taimingi, tensheni, pampu ya maji na sili ya nyuma ya krenki. Fundi aliona nampotezea muda kwa sababu belti ya zamani "bado nzima". Unajuaje ni nzima, na injini yenyewe hujui imetembea kiasi gani? Kwenye injini ambayo valvu na pistoni hupishana nafasi moja, belti ikikatika unarudi sokoni kutafuta injini nyingine.

Sili ya nyuma ndiyo muhimu kuliko zote. Mpira wa bei ndogo, lakini ukianza kuvujisha oili baadaye, lazima injini au giaboksi itoke tena ndipo uufikie.

Na kampresa ya AC msiifungue mipira yake. Inafunguliwa bolti, inafungwa kamba pembeni ikiwa na gesi yake ndani. Hiyo gesi haipaswi kuachiwa hewani, na mfumo ukishafunguka unahitaji kuvutwa hewa na kujazwa upya.

Fundi Mguu Njiani

Nasoma hapa kama mtu anayeitwa majumbani. Kabla sijakubali kazi naomba picha ya sakafu. Winchi ina magurudumu madogo ya chuma. Kwenye udongo, changarawe au vigae vilivyolegea haisogei, na injini inaning'inia. Zege iliyonyooka, basi.

Gari la spoti lina tatizo lake: miguu ya winchi haipiti chini ya bampa. Inabidi gari linyanyuliwe na likae kwenye stendi nne, na hapo mkono wa winchi unapaswa kufika juu zaidi. Watu husoma "tani 2" kwenye winchi wakaridhika. Hizo tani 2 ni mkono ukiwa mfupi. Ukiuvuta mpaka mwisho, winchi nyingi za aina hiyo zinabaki na uwezo wa nusu tani hivi. Injini na giaboksi yake ukijumlisha minyororo, uko karibu na mpaka. Hakuna mtu anayeweka mkono chini ya mzigo huo, hata mwenye gari.

Kuunganisha injini na giaboksi: zile pini mbili za kuongozea ziwepo. Hupotea kwenye injini za mtumba na watu hawazitafuti. Na nyuso mbili zikutane zenyewe kwa kutikisa taratibu, bolti zije kubana tu. Ukiona fundi anazivuta kwa bolti, msimamishe, kuna kitu hakijakaa. Kwenye otomatiki ni hatari zaidi, konveta, inayokaa pale ambapo manyuo ina klachi, isipozama mpaka mwisho unavunja pampu ya giaboksi.

Nyuma ya Viti

Mimi langu injini iko katikati, nyuma ya viti. Hapo sahau habari ya kuinua kwa winchi. Injini inashushwa chini na fremu yake, halafu bodi ndiyo inayonyanyuliwa juu mpaka mzigo upite. Nyumbani inawezekana, lakini stendi za kawaida hazifikishi kimo hicho, na gari lililo juu hivyo sikulala vizuri watoto wakiwa uani.

Kufunga kulikuwa kwepesi. Kilichotutesa ni kutoa hewa kwenye maji. Radieta iko mbele, mabomba yanapita chini ya sakafu gari zima, hewa inajificha humo. Geji ya joto inapanda, unazima, unasubiri, unaongeza maji, unaanza tena.

Kijana wa Stata

Langu lilipofungwa lilizungusha stata kwa uzito sana. Fundi akalaumu betri. Tukaweka nyingine, vilevile, halafu waya wa akseleta ukaanza kupata joto! Kumbe waya wa ethi kati ya injini na bodi haukurudishwa, umeme ulikuwa unatafuta njia kupitia waya wa akseleta. Baada ya kurudishwa, stata ikazunguka safi.

Halafu msiwashe moja kwa moja. Sisi tulitoa fyuzi ya pampu ya petroli, tukazungusha kwa stata kwa vipindi vifupi mpaka taa ya oili ikazima. Ndipo fyuzi ikarudi. Injini iliyokaa muda mrefu beringi zake ni kavu.

Sipendi Kelele

Mimi nilifanyia nyumbani na sirudii. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, sina lawama. Ila gereji ikikosa gasketi wanatuma kijana. Nyumbani kijana ni wewe, na gari lako liko juu ya stendi halina injini. Mvua ilinyesha bodi ikiwa wazi. Oili chafu na maji ya radieta pia vinakubakia, na huwezi kuvimwaga mtaroni.

Mzee wa Difu

Nilisahau. Piga picha ya namba ya injini kabla haijapanda, baadaye hutaiona bila kioo. Nchi nyingi namba au ukubwa wa injini uko kwenye kadi ya gari, na bima nao wanataka kujua umetoka 1.6 kwenda 1.8.

Gia ya Tatu

Asanteni sana, mama na wakuu. BP iko kwenye stendi tangu jana. Tumetoa sampo, lile bakuli la oili la chini, hakuna chuma kwenye oili, krenki inazunguka kwa mkono. Mgandamizo tumeupima injini ikiwa baridi; silinda tatu zimelingana, ya nne iko chini kidogo. Fundi anasema tuweke oili kijiko kimoja kwenye hiyo ya nne tupime tena.

Fundi Mguu Njiani

Sawa kabisa. Ikipanda baada ya oili, ni ringi. Isipopanda, angalieni valvu kabla hamjaagiza klachi. Ulete majibu hapa.