Nataka kuhamia Amani, Usambara, nilime iliki. Ekari tatu zatosha familia?

Mwana_Kisauni
Assalam aleikum ndugu zangu. Niko Kisauni, Mombasa, nina mke na watoto wawili. Vibarua vya makontena vimepungua sana tangu mzigo uhamie reli. Nimepata shamba la ekari tatu Usambara Mashariki, upande wa Amani juu ya Muheza, Tanzania, kijiji kiko ukingoni mwa msitu wa mvua. Iliki zishapandwa, nikifika ni kuchuma tu. Naomba mnieleze maisha ya huko, na kama ekari tatu zaweza kulisha watu wanne na kulipa karo. Usingizi sipati.

Mchuuzi_Marikiti
Waaleikum salaam. Iliki ni mali, lakini haina haraka. Shina huanza kuzaa mwaka wa tatu, huzaa vizuri mpaka wa saba au wa nane, kisha hushuka. Basi uliza kwanza hayo mashina yana umri gani. Ukipanda mita tatu kwa tatu, ekari moja huingia mashina kama 450. Na huchumi mara moja ukamaliza. Kila wiki tatu au nne wapita tena, maana tunda za kikonyo kimoja haziivi pamoja. Chuma ikiwa imekomaa na ingali kijani. Ukingoja iwe manjano, itapasuka wakati wa kukausha na bei itaanguka. Kilo nne hadi tano mbichi hutoa kilo moja kavu.

Penye kazi hasa ni kukausha. Milima ile hupata mvua karibu mwaka mzima na asubuhi huwa na ukungu, na hata jua likitoka, jua kali huipausha. Mnunuzi hapa Marikiti, sokoni Mombasa, hupasua ganda kwa ukucha, aone mbegu ni nyeusi na zanata kidogo. Ganda lililopauka halimtoi hata mkono mfukoni. Utahitaji kichanja chenye paa, na joto la moto wa pembeni la nyuzi 45 hadi 50, moshi usiiguse, mpaka ukiitikisa usikie mbegu zikigonga ganda.

Bi_Mkubwa_Likoni
Mwanangu, waanza na iliki, watoto wawaweka nyuma? Kutoka Muheza kupanda Amani ni kona juu ya kona. Masika yakishika, Machi hadi Mei, penye udongo gari hukwama na pikipiki huteleza na abiria wake. Mtoto akipandwa na homa saa saba za usiku, utamteremsha na nini? Mkeo asemaje? Hilo hukuliandika.

Jirani_wa_Gede
Mimi ningekwambia vipepeo. Huku Gede kuna mradi wa Kipepeo tangu 1993, na wanavijiji wanaouzunguka msitu wa Arabuko-Sokoke hupata fedha bila kukata mti. Kipepeo huwekwa ndani ya wavu atage, kiwavi hulishwa jani la mti wake mwenyewe. Yule wa milimau na michungwa, ukimpa jani jingine hali, hufa njaa amelikalia. Pupa, yaani kiwavi aliyekwisha kujifunga gandani kabla ya kuwa kipepeo, husafirishwa nje, na hapo kila siku ina hesabu yake: wengi hutoka baada ya wiki moja hadi mbili, kwa hivyo sanduku likichelewa njiani hufika na vipepeo waliokunjamana mabawa.

Msambaa_wa_Muheza
Amani nako walifuga vipepeo, mpaka Tanzania ilipofunga usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016, na wafugaji wakapoteza soko. Asiende huko kwa tumaini hilo.

Turudi shambani. Mwana_Kisauni, kitambulisho chako ni cha nchi gani? Na hizo iliki ziko chini ya miti gani, ya kupandwa au mikubwa ya asili?

Mwana_Kisauni
Kitambulisho ni cha Kenya. Shamba litaandikwa jina la shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, yeye ni Mtanzania. Nishalipa laki na ishirini, nusu ya bei, mwezi uliopita. Lakini sikukurupuka. Shemeji namjua miaka tisa, na karatasi ya mauziano ipo, imetiwa sahihi na mashahidi wawili. Miti ni mikubwa ya asili, muuzaji asema ndiyo faida yake, kivuli kiko tayari. Naombeni msinivunje moyo, mimi nimeuliza habari za maisha tu.

Msambaa_wa_Muheza
Kaka, hayo ndiyo maisha yenyewe. Sheria za ardhi za Tanzania za mwaka 1999 hazimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa njia ya uwekezaji, na ekari tatu za kijijini si njia hiyo. Likiandikwa jina la shemeji, shamba ni la shemeji. Akifariki, Mungu apishe mbali, watakaogawana ni warithi wake, nawe utakuwa mgeni aliyetoa hela. Mashahidi wawili pia hawatoshi. Uuzaji wa ardhi ya kijiji hupita kwenye halmashauri ya kijiji. Omba nakala ya muhtasari wa kikao, yenye mhuri.

Miti ya asili ndiyo inayonitia hofu zaidi. Hifadhi ya Asili Amani ilitangazwa 1997, na mipaka yake inapita karibu kabisa na mashamba ya watu. Kule Derema, msitu wa hukohuko Usambara Mashariki, wakulima walitolewa na iliki zao ndani ya msitu, mazao yakahesabiwa, fidia ikalipwa. Ukinunua leo ndani ya mpaka, hakuna wa kukuhesabia. Wala watu wa hifadhi hawakatazi kilimo hicho kwa roho mbaya. Ili iliki ikae, mkulima hufyeka chini kote, na miche ya miti huondoka na magugu. Miti mikubwa ikianguka hakuna wa kushika nafasi yake, udongo unachoka, mkulima anasogea ndani zaidi.

Macho_Changamwe
Mniwie radhi, naona tunapewa hadithi ya kutungwa. Kwanza ilikuwa shamba tu, mara pana shemeji, mara nusu ya bei ishatoka. Na mtu aliyekagua iliki hasemi “ni kuchuma tu” bila kujua umri wa mashina. Ndugu, shamba umeliona kwa macho? Tueleze iliki huzaa wapi kwenye shina.

Mwana_Kisauni
Situngi, wallahi. Sijafika, natumiwa picha. Muuzaji humpa shemeji, shemeji hunirushia. Mashina yamepita urefu wa mtu, majani marefu, na juu kabisa pananing'inia shada la maua meupe yenye ncha za waridi. Nimeambiwa tunda hutoka hapo.

Mchuuzi_Marikiti
Basi huyu hasemi uongo, ila hiyo si iliki. Iliki haizai juu. Shina la majani huenda juu peke yake, na vikonyo vya maua hutoka chini, kwenye kitako cha shina, vikalala juu ya udongo. Ua lake ni dogo, jeupe, na mdomo wake una mistari ya zambarau. Mwenye shada la kuning'inia juu ni ndugu yake wa bustani, jamii ya tangawizi ya mapambo. Majani yafanana sana, hata harufu ukiyafikicha. Mtu aweza kukosea kwa nia njema. Lakini wewe usilipe kwa kosa lake.

Macho_Changamwe
Nimekuelewa, Mwana_Kisauni, na nakuomba radhi. Salio usitume.

Msambaa_wa_Muheza
Nenda mwenyewe. Likoni, Lunga Lunga, Horohoro, Tanga, Muheza, na uombe pasi ya muda mpakani. Usianze na muuzaji, anza na ofisi ya kijiji, kisha ofisi ya hifadhi, uwaonyeshe eneo. Ukifika shambani chuchumaa, tenga majani makavu, tazama kitako cha shina. Tafuta na bikoni, zile alama za mpaka wa hifadhi, ujue umesimama upande gani.

Kama ni ardhi halali ya kijiji, shemeji amiliki yeye, wewe uwe na mkataba wa maandishi wa kulima naye kwa miaka na mgao, na utoke na muhtasari. Pandeni pilipili manga ikipanda kwenye miti mliyoiotesha wenyewe: vipande vya pingili tatu hadi tano, shina moja kila mita mbili na nusu. Nayo huanza mwaka wa tatu, ila inakauka kwa urahisi kuliko iliki. Kuivusha kuja Marikiti, mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chepesi cha kuthibitisha kuwa mali imetoka Afrika Mashariki, pamoja na cheti cha afya ya mimea.

Mwana_Kisauni
Shemeji sitamtupa, naye huenda amedanganywa kama mimi. Nimemwambia asiongeze hata shilingi, na apige picha ya kitako cha shina, si ya maua. Bi Mkubwa, mke wangu nimemsomea uzi wote. Amesema tukienda Muheza twende naye, halmashauri ile ina watu wa kwao.