Tupeane uzoefu: mto umejaa, nani anasema leo hatushuki majini?

Wapiga makasia wenzangu, jana tumebishana nusu saa gatini. Maji yamepanda na kugeuka tope. Kocha anasema twende, mshika usukani hataki, sisi wanane boti iko begani. Tuliirudisha, ila kwa manung'uniko. Nyie mnaamuaje? Leteni yaliyowakuta, nadharia tunazo.

Mshika Usukani
Kupanda mto hakujawahi kunitisha. Kugeuza ndiko kulikotaka kuniua. Boti ya wanane ina mita 17 na ushee. Ukiikingamisha, mkondo unakusukuma ubavuni muda wote unaohangaika. Tulikuwa tumegeuzia juu kidogo tu ya daraja, tukaikosa nguzo kwa urefu wa kasia. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huwa mara nne, na jicho halikuambii hilo. Siku hizi kabla ya kushuka nauliza kitu kimoja: tutageuzia wapi, na chini yetu kuna nini?

Mkongwe wa Gati
Sisi tuna namba. Kipimo cha kimo cha maji kikifika hapa, wageni hawashuki. Kikifika pale, hashuki mtu, hata kocha. Tuliziandika mto ukiwa mtulivu na watu wakiwa na akili zao, maana wiki ya mashindano kila mtu huona maji ni madogo. Kosa letu moja: siku moja namba iliruhusu, lakini maji yalikuwa yanapanda. Magogo huja na maji yanayopanda. Moja lilitutoboa. Sasa tunatazama pia kipimo kinaelekea wapi.

Peke Yangu
Nami niseme la baridi. Jua linawaka, mto kioo, maji nyuzi 8. Nikapinduka. Pumzi ilikatika, nikawa nahema kama mbwa. Dakika ya kwanza usifanye lolote, shika boti mpaka pumzi irudi. Baada ya hapo una kama dakika 10 kabla vidole havijakataa kazi. Sikuiachia boti, ndiyo maana naandika hapa. Bila boti ya kocha karibu, sitoki tena msimu wa baridi.

Kasia la Kushoto
@Mkongwe namba sawa, lakini kipimo chako hakisomi upepo. Ukivuma kukinzana na mkondo, mawimbi yanasimama na boti inajaa. Mwaka 1912 boti za Oxford na Cambridge zilijaa maji zote mbili kwenye mashindano yao mtoni Thames, na wale hawakuwa wanagenzi.

Mkongwe wa Gati
Hapo umenipata.

Mgeni wa Boti
Radi je?

Kasia la Kushoto
Ukisikia ngurumo, toka majini. Hesabu nusu saa tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena, anza upya.

Mwanzisha mada
Asanteni. Nimegundua kwetu hata kipimo hakuna, tunakadiria kwa ngazi za gati. Kesho nakuja na rangi nyekundu na brashi. Kocha tayari ameuliza mstari utapita ngazi ya ngapi. Mshika usukani ndiye atakayeuchora.