Mrejesho: pikapu iliyokuwa ikila petroli hata imesimama

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini injini ya pikapu yangu ya zamani yenye kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa), inayobeba viazi kutoka Isyonje hadi Mbeya mjini, huzunguka mara 1,300 kwa dakika gari likiwa limesimama, na kwa nini lita moja haivuki kilomita 7. Wengi mlinishauri nilegeze skrubu ya kabureta inayopanga mizunguko. Nashukuru kwamba sikuanzia hapo.

Fundi wa Uyole aligundua kuwa thamostati (vali inayozuia maji yasiende kupozwa hadi injini ipate joto) ilikwama ikiwa wazi, hivyo maji yalipita kwenye rejeta na kupozwa muda wote, injini haikupata joto lake katika baridi yetu ya Julai, na choki, yaani sehemu ya kabureta inayoongeza petroli injini ikiwa baridi, ambayo hapa hutegemea joto la maji, ikaendelea kuongeza petroli na kuinua mizunguko. Tulibadilisha thamostati kwanza, kisha, injini ikiwa imepata moto, tukarekebisha skrubu hadi mizunguko 750. Mpangilio huo ni muhimu sana, kwani ukiigusa skrubu kabla ya kuondoa chanzo, gari litazimikazimika baadaye.

Nimejaza tangi hadi juu mara tatu nikagawanya kilomita kwa lita: sasa napata 9. Plagi, zilizokuwa nyeusi kwa masizi, zimekuwa za kahawia. Wakati wa kupakia magunia ninazima injini kabisa.